Mtoto akiugua akili Dar es Salaam: namna ya kumfikisha hospitali na kukaa naye huko

Nimeuguza wagonjwa wa akili mpaka nikastaafu. Sasa niko Tandika na kuku wangu, lakini majirani hawajanistaafisha. Anayebisha hodi jioni kwa ajili ya mtoto aliyeharibikiwa mara nyingi si mama wala baba. Ni shangazi, mama mdogo, kaka mkubwa, pengine mpangaji wa chumba cha pili. Mama amechoka kulia, na baba ama yuko safarini ama hataki kusikia habari hizo. Basi maelezo haya nayaandika kwa huyo atakayemshika mtoto mkono na kupanda naye bajaji.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha sonona, yaani huzuni ya ugonjwa isiyoondoka, wala picha ya eksirei inayoonyesha kwamba mtoto anasikia sauti. Daktari atategemea mtoto mwenyewe, ambaye huenda amefunga mdomo, na atakutegemea wewe. Ukificha, anatibu asichokijua. Wazee walisema mficha uchi hazai, na mimi nimeyaona hayo mbele ya meza ya kliniki mara nyingi kuliko wodi ya wazazi.

Kuna kukimbia na kuna kwenda

Unakimbia, hata kama ni saa nane za usiku, kama mtoto ana homa na anaweweseka, amepata degedege, ameumia kichwa, hataki chakula wala maji kabisa, amekunywa au kumeza kitu, au anasema anataka kufa. Hapo huhitaji barua ya rufaa ya mtu yeyote. Nenda hospitali iliyo karibu yenye huduma ya dharura.

Homa pamoja na kuweweseka nakuomba usivifanyie mzaha. Malaria kali, homa ya uti wa mgongo, hata sukari kushuka, vyote vinaweza kumfanya mtoto aongee asiyoyajua, apige watu, au aone vitu ambavyo wengine hawavioni. Watu wakisema malaria imempanda kichwani wanasema jambo la kweli, na linaua. Mkesha wa maombi unaweza kungoja, homa hiyo haingoji. Kama mtoto ana selimundu, ana kifafa, au anatumia dawa za muda mrefu, litaje hilo pale mlangoni kabla hata hujaulizwa jina. Halafu kuna hili: mtoto akishapewa jina la "huyu wa akili" mapokezi, wapo wahudumu wanaosahau kumpima joto. Uliza kwa adabu, lakini uliza: "Samahani daktari, malaria na sukari vimeshapimwa?"

Kama amekunywa kitu, beba kopo, chupa au pakiti yenyewe. Usimtapishe nyumbani, usimnyweshe maziwa wala mafuta. Najua kwa nini familia nyingi husema "alikosea, alidhani ni soda". Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanaogopa polisi. Lakini daktari wa zamu akiamini kwamba ilikuwa bahati mbaya, atasafisha tumbo, atamwangalia kidogo, kisha atamruhusu mtoto arudi kwenye chumba kilekile chenye kopo lilelile. Mwambie ukweli. Ukiulizwa PF3, ile fomu ya polisi, omba mtoto ahudumiwe kwanza huku mtu mwingine akiishughulikia.

Mengine yote ni ya kwenda, si ya kukimbia, na ni bora uende mchana, siku ya kazi, wakati kliniki ya afya ya akili iko wazi. Humo ndimo walimo watoto wengi. Shirika la Afya Duniani linasema kijana 1 kati ya 7 wa umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili, na kwamba karibu theluthi moja ya matatizo haya huanza kabla ya miaka 14, na nusu kabla ya miaka 18. Ukitazama darasa la shule ya msingi la Mbagala lenye watoto wanaokaa wanne dawati moja, hesabu utaipata mwenyewe.

Usitarajie mtoto akuambie "nina huzuni". Kwa mtoto sonona inakuja na hasira, na tumbo lisiloonekana ugonjwa kila zahanati, na alama zinazoshuka ghafla. Mdogo anaanza tena kukojoa kitandani wakati alishaacha. Mkubwa anajifungia, hataki mpira aliokuwa anaupenda, anagawa vitu vyake. Ukiwa na wasiwasi kwamba anafikiria kujidhuru, muulize kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Watu wanaogopa kwamba swali litampa wazo. Halimpi. Mara nyingi linampunguzia mzigo, maana alikuwa amelibeba peke yake. Akisema ndiyo, usimwache peke yake, ondoa au fungia dawa na sumu zote zilizomo ndani, na mwende hospitali siku hiyohiyo.

Neno dogo kuhusu wasichana wanaoanguka shuleni. Wakianguka kumi kwa pamoja wakipiga kelele, usianze kuwatafutia vitanda wote. Jambo hili ni la zamani: mwaka 1962 kule Kashasha, Kagera, wasichana wa shule ya bweni walishikwa na kicheko kisichokoma mpaka shule ikafungwa. Watenganishe, wapumzike mahali tulivu, watazamaji waondoke. Lakini yule anayeanguka peke yake, leo nyumbani, kesho sokoni, anayejing'ata ulimi au kujikojolea, huyo apelekwe. Huenda ni kifafa, na kifafa kina dawa.

Daftari la senti chache

Kabla ya kwenda, nunua daftari dogo. Andika uliyoyaona, si unayoyafikiria. "Amerogwa na wifi" si maelezo. "Ameanza kiburi" nayo si maelezo. Hili hapa ni la aina niliyokuwa nikiifurahia likifika mezani kwangu:

Wiki ya pili ya Ramadhani: haamki daku. Futari anakula tende moja, anarudi kulala.
Baada ya Idi: hataki shule, anasema tumbo. Zahanati wamepima choo na mkojo, hakuna kitu.
Jumapili: anasema wenzake darasani wanasikia anachowaza. Usiku hakulala, anatembea chumbani.
Jumatatu: kaka yake alimwona akivuta bangi na vijana wa gereji. Yeye anakataa.
Bibi mzaa mama aliwahi kuugua hivi akiwa kijana, akapona, akaolewa.

Mistari hiyo mitano inamwambia daktari lini ilianza, imekwenda vipi, usingizi ukoje, kuna kilevi gani, na ukoo una nini. Mstari wa bibi ndio unaofichwa kuliko yote, kwa sababu ya wachumba. Uandike.

Weka kwenye mfuko mmoja: kadi ya bima kama ipo, kadi yake ya kliniki ya utotoni, ripoti ya shule, na dawa zote alizotumia. Nikisema zote, nina maana hata ile chupa ya mganga na kile kikaratasi cha unga. Nesi mwenye akili hatakucheka. Anataka kujua kimeingia nini tumboni kabla hajaongeza cha kwake. Kama mtoto alichanjwa chale, alifungwa kamba au alipigwa ili "kitoke", onyesha vidonda. Nimeona mikono ambayo kamba ilikuwa imekata mpaka vidole vimevimba na kupoa. Vidole vya baridi vina dharura yao, tena kabla ya dharura ya akili.

Njiani

Bodaboda hapana. Daladala ya asubuhi iliyojaa, konda anapiga bati, nayo hapana, labda mtoto awe mtulivu kabisa. Bajaji au gari, yeye akae katikati, mtu mzima kila upande, na mmojawapo awe mtu ambaye mtoto anamwamini, si yule mwenye nguvu zaidi ukoo mzima.

Mwambie anakwenda hospitali. Usimdanganye kwamba mnakwenda kwa bibi Kigamboni, kisha ageuke aone koti jeupe. Mkishamdanganya safari ya kwanza, ya pili mtambeba.

Uende wapi? Kama si dharura, anzia zahanati au kituo cha afya cha karibu, wakupe barua, upande ngazi: hospitali ya wilaya, kisha hospitali za rufaa za mkoa, yaani Temeke, Amana au Mwananyamala, kulingana na upande unaokaa. Muhimbili, kule Upanga, ina idara ya magonjwa ya akili na ndiko rufaa hizo zinakoelekea. Wenye bima wasiruke ngazi bila karatasi, maana bima itagoma kulipa. Na kwa wale wanaoniuliza kwa kunong'ona kama atapelekwa Mirembe: Mirembe ni hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, na kwenda kliniki hapa mjini si kwenda Mirembe. Watoto wengi huonwa, hupewa dawa au ushauri, na jioni wanakula wali nyumbani kwao.

Fika mapema. Utafungua faili, utapewa namba ya malipo, utasubiri. Beba maji na kitu cha kutafuna. Kama hela haipo, usigeuze njia: omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Sera ya nchi inaweka magonjwa ya akili kwenye orodha ya wanaostahili msamaha wa malipo, na ofisi hiyo ndiyo inayoshughulikia. Sikudanganyi, dawa zenyewe dirishani hukosekana, na ukiambiwa ukanunue nje msamaha haukufuati mpaka famasi. Lakini kumwona daktari na kulazwa ni gharama kubwa ambayo huenda ukaepushwa nayo.

Hapa niseme kuhusu woga wa ustawi wa jamii, maana nimekuta akina mama wanaoinuka na kuondoka wakisikia jina hilo, wakidhani mtoto atachukuliwa. Mpwa wangu ni nesi Sydney, Australia, ananiambia Waaborijini, wenyeji wa asili wa kule wanaoishi mijini, wana woga wa namna hiyo, na wao wana sababu. Kwa miaka mingi ya karne iliyopita serikali iliwapokonya watoto na kuwapeleka kulelewa kwingine, na waziri mkuu aliomba radhi bungeni mwaka 2008. Bibi aliyepokonywa namna hiyo hawezi kumpeleka mjukuu wake hospitali kwa moyo mweupe. Ndiyo maana mwaka 1971, mtaani Redfern, Waaborijini walifungua kituo chao wenyewe cha afya, na vingine vikafuata. Sisi hatuna historia hiyo. Ofisa ustawi wa hospitali anashughulika na nauli, msamaha, na nani atabaki na wadogo zake mgonjwa wakati wewe uko wodini. Mtumie.

Chumba cha daktari

Soma daftari lako, kisha nyamaza. Daktari akikuomba utoke abaki na mtoto, toka bila kununa. Mimi mwenyewe ningekutoa. Kuna mambo ambayo binti wa miaka 14 hatayasema mbele ya shangazi, hasa kama anayemuumiza ni mjomba. Likitoka neno la namna hiyo, kazi inabadilika: kuna dawati la jinsia na watoto polisi, kuna vituo vya mkono kwa mkono kwenye baadhi ya hospitali, na kuna namba 116 ya kusaidia watoto, kupiga ni bure. Usikimbilie kikao cha ukoo kwanza. Kikao cha ukoo kitamtetea mjomba.

Kabla ya kuondoka, pata majibu ya haya, na uyaandike: mnadhani ni nini, dawa inaitwaje, inaanza kufanya kazi lini, dalili gani nikiiona nirudi usiku huohuo. Kama anakuelezea kwa Kiingereza, mwambie, "Daktari, hapo sijaelewa, niambie kwa Kiswahili." Ana Kiswahili.

Akilazwa

Uliza atalala wodi gani, ya watoto au ya wakubwa. Mahali pengi nafasi ni finyu na kijana wa miaka 15 hujikuta na watu wazima wenye vurugu. Ikiwa hivyo, omba kitanda kilicho karibu na meza ya manesi, na omba ndugu mmoja aruhusiwe kukaa naye. Mtoto ni mtu yeyote chini ya miaka 18 kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, hata kama ana ndevu, kwa hiyo mzazi au mlezi ndiye anayesaini fomu ya ridhaa. Isome kwanza.

Anayekaa naye abadilishwe. Nimeona akina mama wanaokaa wodini mpaka wao ndio wanahitaji kitanda. Pangeni zamu nyumbani: mmoja wa mchana, mmoja wa usiku, mmoja wa chakula. Wageni wa kuja kutazama "kichaa" kisha wakarudi kusimulia kibarazani, wazuieni huko huko nyumbani. Mikanda, wembe, dawa za mgonjwa mwingine, visivuke mlango wa wodi.

Dawa, na ile shingo

Sehemu hii isome mara mbili. Mtoto mwenye kuchanganyikiwa au kusikia sauti anaweza kupewa dawa kama haloperidol. Ni dawa nzuri. Lakini kwa vijana, hasa wavulana, siku za mwanzo inaweza kukaza misuli: shingo inapinda upande mmoja, macho yanageuka juu na kubaki huko, ulimi unatoka nje au unavimba mdomoni, taya linakaza. Mtoto ana akili timamu kabisa wakati huo, anaogopa, na hawezi kusema. Nyumbani watu wakiona hivyo wanasema jini limekasirishwa na dawa za hospitali, na safari inageuzwa kuelekea kwa mganga. Si jini. Ni dawa, inajulikana, na sindano sahihi hospitalini hufungua shingo ndani ya muda mfupi. Kimbia naye, sema jina la dawa, sema lini alimeza ya mwisho. Daktari atapunguza kipimo, atambadilishia, au atamwongezea kidonge cha kuzuia, ambacho manesi wengi hukiita Artane. Siku ya kwanza kabisa anapoandikiwa haloperidol, uliza: "Shingo ikipinda nifanye nini?" Utaona nesi anakutazama kwa heshima mpya.

Dawa za sonona, kama fluoxetine, hazifanyi kazi siku ya kwanza. Wiki mbili, nne, wakati mwingine zaidi. Wiki hizo za mwanzo mwangalie kwa karibu, kwani kijana anaweza kuhangaika zaidi na mawazo ya kufa yanaweza kupanda kabla hayajashuka. Dawa za kifafa zisikatwe ghafla kwa sababu "amepona", degedege linaweza kurudi vibaya kuliko mwanzo. Akitumia carbamazepine na akatoka vipele mwilini pamoja na vidonda mdomoni, hospitali mara moja.

Dawa azitunze na kuzitoa mtu mzima, moja kwa moja mkononi, na zifungiwe. Usimwachie pakiti nzima kijana aliyelazwa kwa kutaka kufa.

Sheikh na mchungaji sijawahi kugombana nao. Dua na maombi yaendelee. Ombi langu kwao ni mawili: wasimwambie mtoto aache dawa ili kuonyesha imani, na wasimfungishe mfungo mkavu mtoto anayemeza vidonge. Ramadhani ikikaribia, nenda kliniki uulize kama anaweza kufunga, na kama ndiyo, saa za dawa zipangwe upya kati ya futari na daku. Wanapanga, nimepanga sana.

Siku ya kuruhusiwa

Familia hushangilia, hukunja mashuka, na kuondoka bila karatasi. Simama. Uwe na tarehe ya kliniki, majina ya dawa yaliyoandikwa yakasomeka, na namba ya simu ya kupiga ukikwama. Uliza famasi gani mjini inauza dawa hiyo na bei yake, kwa sababu duka la dawa la mtaani huenda halinayo kabisa, na utajua hilo Ijumaa jioni vidonge vikiwa vimebaki viwili. Nunua kabla hazijafika hapo.

Wiki za kwanza nyumbani ndizo zinazorudisha watoto wodini. Wanatoka penye ratiba, wanarudi penye redio ya jirani mpaka saa saba na wadogo watano chumba kimoja. Mtafutie kona ya kulala mapema. Asirushiwe neno "chizi" hata kwa utani, na anayelirusha nyumbani humo ashughulikiwe na mkubwa wa nyumba, si na mgonjwa.

Shule nayo. Nenda mwenyewe bila mtoto, onana na mkuu wa shule na mwalimu wa malezi, si ofisi nzima. Huhitaji kutaja ugonjwa. Sema alilazwa, anatumia dawa zinazompa usingizi asubuhi, ana tarehe za kliniki, na onyesha karatasi ya hospitali. Omba aanze kwa nusu siku. Omba akae karibu na mwalimu, na asichapwe kwa kusinzia. Kama yuko darasa la mtihani wa taifa, hilo lizungumzwe siku hiyohiyo, mapema, wakati bado kuna la kufanya, na omba daktari aandike barua kabla shule haijaidai.